Ni Nguo Tu

Wasifu wa kwanza wa Mardochée niliuandika mimi, nikausoma mimi mbele ya jeneza lake, na ndani yake mlikuwa na uongo. Sikujua. Lakini aliyekuuzia maziwa mabovu bila kuyaonja bado ni yeye aliyekuuzia.

Mimi ni Mkenya wa Siaya. Nahudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunza kule Harborne, Birmingham, Uingereza, naishi Newtown ghorofa ya sita, na Jumapili alasiri nasali Lozells katika ukumbi wa shule tunaoukodi, Wakenya na Wakongo pamoja. Kwa kuwa nilifundisha Kiswahili miaka minne kabla ya kuja huku, mtu akifa, akioa au akihitimu, karatasi huletwa kwangu. Mama Tevin, tuandikie. Nami huandika, maana nikikataa ataandika mtu mwingine na nitakaa pale nikisahihisha sarufi moyoni badala ya kusali.

Basi hili ni andiko la pili juu ya kijana yule yule. La kwanza mlichome.

Mardochée alizaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, mtoto wa pili wa Goretti. Mama huyu ni fundi cherehani kutoka Uvira. Baba, Valère, aliuawa vita viliporudi kwao, akazikwa na watu wengine katika shimo ambalo Goretti hajaonyeshwa mpaka leo. Nayasema haya mapema kwa sababu yana uzito mbele ya safari. Mtoto alifika Birmingham akiwa na miaka minane, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa mdomo wa mama yake. Kwa daktari ni yeye, ofisi ya nyumba ni yeye, kikao cha wazazi shuleni ni yeye huyo huyo, anakaa katikati ya mama na mwalimu na kutafsiri kesi yake mwenyewe.

Mwalimu mmoja aliwahi kusema kwamba mtoto huyu anaongea mno, hawapi wenzake nafasi. Mardochée akamgeukia mama yake: "Anasema bila mimi darasa haliendi." Goretti akautazama uso wa mwalimu, akauona haufanani na sifa hizo. Nyumbani alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa akijua kwamba maneno ya Birmingham humfikia yakiwa yamefuliwa na kupigwa pasi. Alivumilia, kwa sababu aliyefua alikuwa mwanawe.

Mardochée alikua akawa jitu la kijana, mabega kama mlango, na pumu iliyomfuata tangu kambini. Dawa yake ya kuvuta aliiweka kila mfuko. Alipenda kubishana na Idarous wa duka la mboga juu ya ndizi, kama zimeiva au zimeoza, na mara nyingi Idarous alimwachia bure ili aondoke foleni isonge. Alipofika miaka kumi na tisa aliajiriwa hospitalini kusukuma vitanda na viti vya wagonjwa. Sifa zake nilizisikia hata kazini kwangu kutoka kwa wazee waliowahi kulazwa huko: yule kijana mkubwa anayekueleza unapelekwa wapi na kwa nini, wakati wengine wanakusukuma kama toroli.

Siku moja alimsukuma bibi mmoja kutoka kitengo cha macho. Bibi alikuwa amewekewa kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kilichotoka kwa marehemu, na njia nzima alikuwa akimsomea Mardochée vibao vya ukutani, vyote, hata cha choo. Jioni hiyo, akiwa kituo cha basi, kijana akajiandikisha kwa simu kwamba akifa wachukue chochote kinachofaa. Akamwambia dada yake Marlène, aliyemzidi miaka mitatu. Lakini mama yake hakuambiwa.

"Nikienda, usimwache Mama akatae," alimwambia Marlène. "Promise."

Marlène alicheka, akaahidi. Ahadi ni deni, tunasema, na tunaisema kirahisi kwa sababu hatutarajii kudaiwa.

Mardochée alifariki mwezi wa pili mwaka jana, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Pumu ilimbana asubuhi kwenye ngazi za nyumba yao. Gari la wagonjwa lilifika upesi, sina wa kumlaumu hapo. Saa tano na nusu daktari alitoka akiwa ameshavua glavu.

Alasiri hiyo simu ikapigwa nyumbani. Alikuwa nesi, tena mpole, wa ofisi inayoshughulika na viungo na sehemu za mwili zinazotolewa na marehemu. Aliuliza kama familia inahitaji mkalimani. Marlène akasema hakuna haja, yupo yeye. Simu ilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, Goretti amekaa kando, mikono mapajani, macho hayaoni kitu.

Hapa naomba mnifuate polepole, maana kila kitu kilivunjika kwenye neno moja. Kwa Mkenya wa kawaida tishu ni karatasi ya kujifutia. Kwa mtu wa hospitali neno hilo hilo la Kiingereza ni ngozi, ni mifupa, ni vioo vya macho, ni vali za moyo. Na kwa Goretti, aliyesoma Kifaransa cha masista na kuishi kwa sindano, tissu ni kitambaa. Hajawahi kulisikia likiwa na maana nyingine.

"Mama," Marlène alisema, "wanauliza kama tunakubali tissue ya Mardochée isaidie watu."

Goretti aliinua kichwa. "Tissu? Kuko watu hawana nguo? Wapewe. Mardochée hakunyimaka mtu kitu."

Marlène aliniambia baadaye kwamba alielewa palepale. Alimwona mama yake akitazama kabati la nguo. Ilibaki kusema sentensi moja tu, na sentensi hiyo angeweza kuisema. Aliichukua simu, akaingia jikoni, akafunga mlango, akajibu maswali ya saa nzima peke yake.

Kesho yake Goretti alipiga pasi mashati saba ya mwanawe. Akaongeza suruali, akaongeza yadi sita za kikwembe kipya ambacho hakuwa amekikata, kwa sababu kwao mtu hatoi vya kuvaliwa peke yake, huongeza kipya. Akavifunga vyote katika mfuko. "Peleka kule hôpital, wale waliopiga simu." Marlène akaupokea mfuko, akautia ndani ya buti ya gari, akarudi baada ya saa moja akasema wameshukuru.

Kisha Goretti akaanza kushona suti. Siku mbili, cherehani haikupoa. Alitaka kumvalisha mwanawe kwa mikono yake, kitu ambacho hakuweza kumfanyia Valère. Alitusimulia sisi wanawake wa kanisa, na tulikuwa tumeshapanga nani atamshika wapi. Marlène akaja na uso mkavu.

"Mama, hapa hawaruhusu. Wanavalisha wenyewe. Ni sheria."

Yeyote aliyehamia nchi ya watu anajua nguvu ya neno hilo. Sheria ya hapa. Hatuulizi imeandikwa wapi. Goretti akaikunja suti, akaitoa, akaambiwa ataona uso tu. Mimi niliyekaa Uingereza miaka kumi na minane, ninayeosha na kuvalisha maiti wa wazee wangu mara ngapi kwa mwaka, nilikuwa nimesimama pale. Nilidhani labda nyumba ya mazishi iliyomhifadhi ina taratibu zake. Nikanyamaza.

Jioni ya mkesha nilimwendea ili nipate maneno ya wasifu. Marlène alikuwa ametuambia viongozi wa kanisa kwamba familia imetoa tissue. Nikamshika Goretti mkono. "Mama Marlène, umefanya jambo kubwa sana, kutoa tissue za mtoto wako."

Akanitazama kwa mshangao kidogo. "Ni nguo tu, Mama Tevin. Yeye hana lazima nazo tena."

Mungu anisamehe, niliona imani. Niliona mwanamke aliyefika mahali ambapo mwili wa mwanawe kwake ni vazi lililovuliwa. Nikaandika kwa herufi nzito: *Mama yake alisema, ni nguo tu.* Nikaisoma mbele ya jeneza. Mchungaji Kipchumba aliikamata sentensi hiyo akaihubiri dakika ishirini, vazi la udongo na vazi la mbinguni, na wanawake wa Kikenya wakalia hadi wakashikiliwa. Goretti alikaa mbele, mkavu. Alinieleza mwaka ulipokaribia kwisha kwamba siku ile alijiuliza: hawa Wakenya, mashati saba tu, wanalia hivi?

Sasa cheka kama unaweza. Mimi nilishacheka, na kicheko kilinitokea puani.

Barua ilifika mwezi wa kumi na moja. Barua zote za Goretti husomwa na Marlène, lakini siku hiyo binti alikuwa kazini, na bahasha ilikuwa na jina la Mardochée juu yake. Mama hakuweza kungoja. Akapanda basi akaja Newtown, akaweka bahasha mezani kwangu. Niliifungua nikiwa na furaha, kwa sababu niliona imetoka kwa wale watu wa viungo.

"Wanakushukuru," nikaanza. "Wanasema watu wawili sasa wanaona, kwa sababu ya macho."

"Macho ya nani?"

"Ya Mardochée." Sikuinua kichwa, nilikuwa nasoma mbele. "Na ngozi imemtibu mtu aliyeungua. Na vali ya moyo imewekwa kwa mtoto wa miaka minne."

Hapo ndipo nilipomtazama. Alikuwa amesimama, mkoba kifuani.

"Ngozi ya nani, Mama Tevin?"

Nikaelewa mimi pia, taratibu na vibaya. Nilimweleza tena kwa Kiswahili kisichofuliwa, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine. Nikamwambia tissue ni nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akauliza kitu kimoja tu: "Walimpasua wapi?" Nikamwonyesha kwa vidole vyangu juu ya mwili wangu, mgongo, mapaja, kifua, na ninavyowaandikia hapa vidole hivyo hivyo vinaniwasha.

"Njo maana Marlène hakuniacha nimvalishe," akasema. "Ningeona mshono. Mimi ni fundi."

Siku ile tulikwenda nyumbani kwao, tukamsubiri Marlène atoke kazini. Alipoiona barua mkononi mwangu alikaa chini na koti lake mwilini. Hakujitetea vizuri. Alisema mdogo wake alimwapisha. Alisema alijua Mama angekataa, na familia ikikataa huwa wanaacha. Alisema, "I couldn't let him down, Mama, ningefanyaje?" Alisema alitaka kumweleza kesho, na kesho ikawa mazishi, na mazishi yakawa arobaini.

"Na nguo?" Goretti akauliza.

Marlène akatoka nje, akarudi na mfuko. Miezi tisa ulikuwa umezunguka Birmingham ndani ya buti. Goretti akaufungua, akahesabu mashati yote saba, akakipapasa kikwembe, akaufunga tena.

"Watu wa Uvira waliniambiaka kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mie nikafikiri wanasema ya jirani."

Tangu siku hiyo hakuzungumza na binti yake zaidi ya chumvi iko wapi na mlango umefungwa. Barua alianza kuniletea mimi. Kwa daktari akaomba mkalimani wa simu, mgeni kabisa, akaniambia bora mgeni, maana hamjui vya kutosha kumdanganya. Na alikuwa na hasira na marehemu pia, jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. "Mardochée alimwambia dada yake. Mie aliniruka. Miaka kumi na tatu nilimsikiliza yeye tu mu hii inchi, na ile neno moja hakunipa." Nilijaribu kumtetea kijana, kwamba labda aliogopa kumtia uchungu. Goretti akaniambia nile, chakula kinapoa.

Januari Mchungaji Kipchumba akaitisha kikao. Mwaka mmoja unatimia, kanisa lifanye ibada ya kumshukuru Mungu kwa zawadi ya Mardochée, na vijana wafundishwe habari za kujitolea. Wazo zuri, sikatai. Watu wetu wanangoja figo miaka na miaka kwa sababu hatujiandikishi. Lakini Goretti alikataa kuja. Na ibada ya namna hiyo bila mama wa kijana ingekuwa nini? Mchungaji alinituma nimsihi. Nikamwambia simsihi mtu aliyedanganywa, na kwanza mimi mwenyewe nina wasifu wa kuufuta. Nilikwenda hata hivyo, kwa ajili ya kijana. Niliogopa mama yake akimnyima siku hiyo, hatamrudia tena, na chuki itakaa mahali alipokuwa mtoto.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, chumba cha mbele, cherehani imefunikwa. Nilimwambia Goretti nilichokuja nacho.

"Hakuna mtu aliyeniuliza," akasema.

"Najua."

"Basi niulizwe." Akapaza sauti kuelekea ngazi. "Marlène. Kuja."

Marlène akashuka. Mama akamwonyesha kiti cha upande wa pili wa meza ya kupigia pasi. "Maswali ya ile siku unayakumbuka?"

"Yote."

"Niulize. Moja moja. Kwa Swahili. Usiruke."

Binti akanitazama kana kwamba mimi ningemwokoa. Nikatazama dirishani. Akaanza, sauti ndogo. "Mama, Mardochée amekufa leo asubuhi. Alijiandikisha mwenyewe kutoa sehemu za mwili wake. Wanauliza familia. Unakubali wachukue macho, sehemu ya mbele, ili mtu mwingine aone?"

"Hapana."

"Unakubali wachukue ngozi, nyembamba, mgongoni na mapajani, iwafunike walioungua?"

"Hapana."

"Unakubali wachukue vali za moyo?" Hapo Marlène alianza kulia, lakini hakusimama. "Wanasema zinaweza kuwekwa kwa mtoto."

Goretti alishika ukingo wa meza. "Hapana," akasema. "Waniache nizike mtoto wangu mzima. Baba yake sikumzika."

Marlène akamaliza maswali yote, mifupa na kano, na jibu likawa lile lile. Kisha mama akauliza, "Na yeye alisema je?"

"Alisema ndiyo. Kwa vyote."

"Wewe ungeniambia hivyo. Tungegombana. Ningekushinda, ao ungenishinda. Lakini ningekuwa mama yake." Akanigeukia mimi. "Andika zote mbili, Mama Tevin. Ya kwake na ya kwangu. Ukiandika zote mbili, nitakuja."

Nikaandika. Jumapili asubuhi nikampelekea mchungaji karatasi, akaisoma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Dada Achieng', huu hauwajengi watu. Tuutoe. Vijana watasikia mama alikataa, nao watakataa."

"Mwaka jana tuliwajenga kwa uongo," nikamwambia. "Mchungaji akitaka usomwe bila mstari huo, asome mwenyewe, na asimtazame Goretti." Akanirudishia karatasi. Si mtu mbaya.

Ukumbi ulijaa. Goretti alikuja peke yake akakaa safu ya mbele. Marlène alikaa nyuma karibu na mlango, na mama yake hakugeuka kumtafuta. Nilisoma habari za Nyarugusu, za mwalimu na darasa lisiloenda, za ndizi za Idarous, na watu wakacheka panapostahili. Nilisoma habari za bibi wa vibao. Kisha nikaufikia mstari, nikausoma bila kupunguza sauti: "Mardochée alisema ndiyo. Mama yake hakuulizwa. Alipoulizwa, mwaka mmoja baadaye, alisema hapana."

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alikuwa akitazama viatu vyake, na mimi nikapoteza mahali nilipofika kwenye karatasi.

Goretti akasimama. Hakugeukia watu, alinitazama mimi.

"Njo vile," akasema. "Sasa wasomee ya wale wanaoona."